Kinyonga wa Sadaka

Eliudi alikuwa mkulima wa iliki na pilipili manga katika kijiji kimoja cha milimani, karibu na msitu wa Amani. Kila Jumapili alivaa koti lake la kahawia, akaenda kanisani na mkewe Jenifa na binti yao Precious, mtoto wa darasa la pili.

Kanisani Eliudi alikuwa na kazi yake. Waumini wengine walitoa sadaka ya fedha, wengine walitoa mazao. Baada ya ibada mazao yaliwekwa mezani, nje ya kanisa, yakapigwa mnada. Mpiga mnada alikuwa Eliudi. Watu walimpenda kwa sababu alichekesha. Aliinua jogoo akasema, "Huyu amekonda kama mwenyewe aliyemleta!" Aliinua ndizi akasema, "Hizi ni ndizi au vidole vya kichanga?" Watu walicheka na kununua. Waliochekwa walitazama chini. Eliudi hakuwatazama.

Kisha ikaja Jumapili ya mavuno ya watoto. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alikuwa amewaambia watoto kila mmoja alete kitu anachokipenda. Asubuhi Precious alimfuata baba yake.

"Baba, naomba mayai ya sadaka."

"Kuku wanaatamia."

"Basi hata iliki kidogo."

"Iliki ina mteja wake. Na mimi nachelewa. Tafuta kitu chako mwenyewe, mama."

Precious alitoka nje kutafuta. Hakuwa na kuku wala shamba. Lakini kwenye ua wa miti uliozunguka nyumba yao palikuwa na kinyonga wa kijani. Kila siku, akitoka shule, alisimama kumtazama. Alimpenda. Akamweka kwenye kikapu chenye mfuniko, akaenda naye kanisani.

Baada ya ibada Eliudi alianza mnada. Mayai yakaenda. Mchicha ukaenda. Akafika kwenye kikapu kidogo. Akafungua mfuniko na kuingiza mkono huku akiwatazama watu. Mara akaruka nyuma.

"Yesu wangu! Kinyonga!"

Kina mama walikimbia. "Uchuro huo!" mmoja alipiga kelele. "Uchuro ndani ya uwanja wa kanisa!"

"Nani ameleta uchafu huu?" Eliudi aliuliza kwa hasira.

Precious aliinua mkono. "Ni mimi, baba."

Watu waliangua kicheko. Kristofa, kijana wa bodaboda, alikuwa ameshatoa simu yake anapiga video. "Endelea, mpiga mnada!" alisema. "Huyo naye amekonda kama mwenyewe?"

Uso wa Eliudi ulibadilika rangi. "Precious, katupe kitu hicho! Sasa hivi!"

"Hapana," alisema Mchungaji Yona kwa sauti ya chini. "Mtoto amekileta madhabahuni. Sadaka haitupwi, Eliudi. Inauzwa."

Eliudi aliuliza bei. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Mwishowe akatia mkono mfukoni, akaweka noti yake mwenyewe kwenye sahani, akachukua kikapu. Siku hiyo hakuchekesha tena. Walipofika nyumbani, video ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya.

"Huyu ni wa Mungu," Eliudi alimwambia mkewe. "Akifa hapa nitachekwa mara ya pili. Atatunzwa kuliko sisi."

Wakamtunza kama walivyojua. Wakamweka kwenye tenga la kuku, sakafuni jikoni, karibu na mafiga, ili asione baridi. Wakampa ugali na maziwa kwenye kisahani, na maji kwenye kifuniko. Jenifa akamtandikia kanga ya kijani.

"Akilala kwenye kijani, atabaki kijani," alisema.

Kinyonga akawa mweusi.

"Labda hapendi kanga hii." Jenifa akatandika ya manjano. Kinyonga akabaki mweusi. Ugali ukakauka. Maji hayakupungua. Kila siku macho yake yalizidi kuingia ndani, na mchana alikuwa ameyafumba.

Kristofa alipita akachungulia. "Mtieni ugoro mdomoni. Vijiweni ndivyo wanavyofanya. Mtaona rangi zote."

"Ni dawa?" Eliudi aliuliza.

"Mimi najua? Rangi nimeziona."

Eliudi hakuwa na njia nyingine. Akanunua ugoro. Asubuhi iliyofuata aliuweka kiganjani, akaenda jikoni. Mlangoni akasimama. Precious alikuwa amepiga magoti mbele ya tenga, na sare zake za shule.

"Baba Mungu," alisema, "najua sadaka yangu ilikuwa mbaya. Baba alisema ni uchafu. Lakini usimuue kinyonga. Yeye hakujileta, nilimleta mimi. Akifa nitajua umeikataa."

Eliudi alihisi aibu kuliko ile ya kanisani. Ile ilikuwa ya kuchekwa. Hii ilikuwa ya kujiona alivyo. Mtoto alimwomba mayai, yeye akamnyima. Mtoto akatoa alichokipenda, yeye akakiita uchafu mbele za watu. Akamwaga ugoro kwenye majivu.

"Nenda kwa Consolata," alisema Jenifa, aliyekuwa nyuma yake.

"Kwa Consolata? Uso wangu nitauweka wapi?"

Consolata alikuwa jirani yao. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni msituni, kuwaonyesha ndege na vinyonga. Eliudi alikuwa amemtungia jina, Mama Mijusi, na kijiji kizima kililishika.

"Uso wako uweke hapohapo ulipo," alisema Jenifa. "Nenda."

Eliudi alikwenda.

"Hodi hapa."

"Karibu, Baba Precious. Leo Mama Mijusi amepata mgeni mkubwa!"

Eliudi aliinamisha kichwa. "Jina hilo nililitunga mimi. Naona haya hata kusimama mlangoni kwako."

"Haya zako njoo nazo njiani. Kinyonga yukoje?"

"Umejuaje?"

"Nani hajaiona ile video?" Consolata alikwisha kuvaa kandambili.

Alipoingia jikoni alikohoa kwa moshi. Hakumkamata kinyonga. Alichukua kijiti, akakiweka mbele ya miguu yake, akangoja. Kinyonga alikishika polepole, akapanda.

"Msimvute mkia wala msimshike kila mara," alisema. "Kushikwashikwa kunamtisha. Hana sumu, lakini ukimgusa nawa mikono kwa sabuni. Mmempa nini?"

"Ugali na maziwa."

"Ungekuwa kinyonga, ungekula ugali?"

"Tulidhani akiona njaa atakula."

"Hawezi. Kinyonga anakula wadudu walio hai. Lazima amwone mdudu akitembea, ndipo arushe ulimi. Panzi wadogo, nzi, vipepeo. Mdudu asizidi upana wa kichwa chake."

"Na maji? Maji tumempa," alisema Jenifa.

"Porini nani anamwekea kifuniko? Yeye anakunywa umande na matone ya mvua kwenye majani. Tazama macho yalivyoingia. Hiyo ni kiu."

Walitoka naye nje. Consolata alikata matawi ya mpera, akayapanga ndani ya tenga, akalitundika barazani. "Huyu ni wa juu, si wa sakafuni. Anataka tawi la kushika, hewa safi, jua la asubuhi, na kivuli cha kukimbilia jua likiwa kali. Moshi ni adui yake."

Jenifa alileta chandarua cha zamani. "Tufunike na hiki?"

"Hapana, dada. Vyandarua vina dawa ya kuua mbu. Mdudu akikigusa, mla wadudu huyu atakula sumu."

"Lakini mbona mweusi?" Eliudi aliuliza. "Tumembadilishia kanga mbili."

Consolata alicheka mpaka akashika nguzo. "Kinyonga haigi kanga, Baba Precious! Rangi yake ni kama uso wako ule wa Jumapili. Akiona baridi anakuwa mweusi ili jua limpashe moto upesi. Akiogopa, anakuwa mweusi. Akiugua, vilevile. Alikuwa anawaambia, nanyi mnamtandikia."

"Kristofa alisema tumpe ugoro."

Consolata aliacha kucheka. "Ungemuua. Zile rangi ni za mnyama anayekufa kwa sumu."

Eliudi alitazama kiganja chake.

Consolata alichovya mkono kwenye maji, akayanyunyiza juu ya majani. Walingoja. Jicho moja la kinyonga lilifumbuka. Likazunguka. Kisha akasogea na kulamba tone, halafu lingine.

"Anakunywa!" Precious alinong'ona. "Mama, anakunywa!"

"Sasa panzi," alisema Eliudi. "Wamejaa kwenye nyanya zangu."

"Nyanya zile ulizopulizia dawa?"

"Ndiyo. Juzi."

"Panzi hao ni sumu. Nenda uwanja wa mpira. Kule hakuna anayepulizia."

Uwanja wa mpira ulikuwa kando ya barabara. Eliudi alizunguka kwenye nyasi, ameinama, akipiga viganja hewani. Watu waliotoka sokoni walisimama kumtazama. Kristofa alizima pikipiki.

"Mpiga mnada! Leo unauza panzi?"

Zamani Eliudi angemjibu, na Kristofa angechekwa wiki nzima. Sasa jasho lilimtiririka, na aibu pia. "Hawauzwi," alisema. "Teremka unisaidie kushika. Na ule ugoro, usimwambie mtu mwingine tena. Unaua."

Kristofa alimtazama kidogo. Akateremka.

Panzi mdogo alipotiwa kwenye tenga, kinyonga alimgeuzia macho yote mawili. Ulimi ulitoka na kurudi kabla hawajaona vizuri. Panzi hakuwepo.

"Haleluya," alisema Jenifa.

Tangu hapo Precious alinyunyiza majani asubuhi na jioni. Eliudi alitafuta wadudu. Polepole weusi ulitoka, kijani kikarudi, na macho yakajaa.

"Tumjengee nyumba yake," Precious alimwambia Consolata. "Akae nasi siku zote."

"Mnyama wa porini hafugwi bila kibali cha serikali, mwanangu. Na huyu hakuwa ameugua mpaka alipofungiwa. Tumemtibu. Sasa amepata nguvu. Mrudishe palepale ulipomtoa, anapajua."

Precious alilia, lakini alikubali. Jumamosi asubuhi walikwenda kwenye ua, yeye na baba yake. Eliudi alikuwa ameacha kupulizia dawa upande ule. Precious alikiegemeza kijiti kwenye tawi. Kinyonga alinyoosha mguu mmoja, akayumba kidogo, akavuka.

"Baba," Precious aliuliza, "kwa hiyo Mungu aliipokea sadaka yangu?"

"Aliipokea Jumapili ileile. Aliyeikataa ni mimi."

Precious alifikiri. "Basi uombe msamaha."

"Nimekwisha kumwomba Mungu."

"Si Mungu. Mimi."

Eliudi alichuchumaa kwenye umande mpaka macho yao yakawa sawa. Siku zote maneno yalimjia haraka. Haya yalichelewa.

"Nisamehe, mwanangu. Ulileta kitu chema. Mimi nikakutia aibu mbele za watu."

"Nimekusamehe." Precious alimshika mkono. "Sasa twende polepole, tusimtishe."

Walirudi nyuma hatua kwa hatua. Kwenye ua kinyonga alirusha ulimi, akamnasa nzi, akaendelea kupanda.