Ukurasa wa Tatu

Duka la Joanitha la kuchapa na kutoa nakala, jirani na stendi ya Bukoba, lilikuwa limejaa watu walioloa mvua. Dastan aliingia mwisho, shati la bluu limemganda mgongoni. Kabla ya kukanyaga sakafu alivua viatu vyake vyenye matope, akaviacha mlangoni. Joanitha aliona. Akaona pia alivyompisha bibi aliyeingia nyuma yake amekumbatia kuku, ingawa zamu ilikuwa yake.

"Dada, barua yangu ni ya ukurasa mmoja," alisema alipofika mezani. "Lakini kila ikichapwa inatoka na karatasi nyeupe nyuma yake. Nimefuta mpaka nimechoka."

Joanitha akabonyeza kitufe. Kwenye kioo zikatokea alama ndogo, zimejipanga chini ya jina la Dastan kama siafu.

"Umegonga Enter mara kumi na tisa, kaka. Ulikuwa unaandika au unatwanga karanga?"

"Nilikuwa natafuta mahali pa kutia sahihi, waitu, dada yangu."

"Basi sikiliza. Ukurasa mtupu una kitu kisichoonekana kinachoushikilia. Ukikitoa hicho, nao unaondoka."

Akazifuta alama, na ukurasa wa pili ukatoweka. Dastan akacheka, na Joanitha akajikuta anarekebisha kola ya blauzi yake ya kitenge bila sababu.

Barua ile ilimpatia kazi ya ufundi wa umeme wa jua kule Nshamba. Tangu hapo simu haikukoma.

"Joa wangu, umekula nini?"

"Ndizi na maharage."

"Bila mimi?"

"Wewe ungemaliza sufuria na kifuniko chake."

Kisha jioni moja sauti yake ilikuja imepungua. "Mama amekuta mulamula umepandwa katikati ya kibanja chetu Ijumbi. Mimea sita, imepita kwenye migomba hadi karibu na kaburi la baba."

Mulamula hupandwa mpakani, na kibanja kile hakikuwa na mpaka katikati.

"Labda ni watoto," Joanitha alisema.

"Watoto hawapandi kwa mstari ulionyooka."

Wiki iliyofuata Dastan alikuja na flashi. Jumamosi ukoo ungekutana kutia sahihi makubaliano kwamba mama yake, mjane, atabaki na kibanja chote mpaka mwisho wa maisha yake. Aliyeyaandika ni Rugemalira, baba yake mdogo, karani mstaafu.

Joanitha akaifungua. Kurasa mbili za maneno. Ya nne ya sahihi. Ya tatu ilikuwa nyeupe, na chini yake kuna namba, kama kaburi lenye msalaba usio na jina.

Akaonyesha alama zilizofichika. Safari hii hapakuwa na siafu. Palikuwa na alama moja tu ya kukata ukurasa juu, na nyingine moja chini.

"Dastan, anayekosea hugonga Enter nyingi, kama wewe. Huu ukurasa umewekwa makusudi. Watu wakishatia sahihi, mtu anaweza kuurudisha kwenye mashine na kuandika anachotaka. Hata kwamba mama amegawa nusu ya kibanja."

"Unamwita baba mdogo mwizi?"

"Nasema ninachokiona."

"Yeye ndiye aliyenisomesha baba alipokufa! Wewe umejuana nasi lini?"

Joanitha alifuta alama moja, akachapa kurasa tatu safi, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Dastan alizichukua bila kuaga. Kwa siku nne simu haikulia, na kila mteja aliyeingia na viatu alimkera.

Jumamosi, saa sita mchana, ikalia. Dastan alinong'ona.

"Joa, umerudi."

"Nini kimerudi?"

"Ukurasa wa tatu. Baba mdogo amekataa nakala zako, amechapa zake. Anasema ni nafasi ya mihuri. Mama ameshapaka wino kidoleni. Nifanye nini?"

"Huwezi kuufuta sasa. Shika kalamu, upige mstari kutoka kona hadi kona. Kila mtu atie sahihi juu ya mstari, na mama aweke dole lake hapohapo. Usikate simu."

Joanitha akasikia mvua juu ya bati. Akasikia karatasi zikifunuliwa, kisha sauti nzito, isiyo na haraka.

"Nani amekufundisha kuchafua karatasi za ukoo, Dastan?"

Mtu akakohoa. Ndipo mzee mwingine, Kyaruzi, mkuu wa ukoo, akauliza, "Rugemalira, kama ni tupu, mstari utauumiza nini?"

Kiti kikaanguka. Simu ikakatika.

Alipiga mara saba bila kupata. Akafunga duka, akakaa ndani gizani na mashine zake.

Jumatatu asubuhi Dastan alisimama mlangoni, peku, viatu mkononi. Alikuwa ameshika kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna.

"Wote walitia sahihi juu ya mstari isipokuwa baba mdogo," alisema. "Nisamehe, kipenzi. Hii kahawa imetoka kwa mama. Anasema aliyemwokolea kibanja aje akione. Nami nakuomba uje kama mke wangu, ukikubali."

"Vaa viatu kwanza," Joanitha alisema, huku anafuta machozi. "Nimekubali."

Walifika Ijumbi mchana. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akamwekea punje za kahawa kiganjani. Ng'ambo ya migomba Rugemalira alisimama mlangoni kwake, kanzu nyeupe, mikono nyuma. Mama alimsalimu kwa sauti. Hakuitikia.

"Niling'oa yote sita," mama alisema, akiwaongoza kuelekea kaburini.

Yalikuwepo mashimo matano. Katika la sita mulamula ulisimama wima tena, udongo wake ungali mbichi.

Dastan akaushika. Joanitha akatema kahawa, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Dastan, huku Rugemalira akiwatazama.

"Tuung'oe na mizizi yake," Joanitha alisema.