Mume Wangu Aliuficha Mwito wa Mama Hadi Nimalize Diski

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, Mborana, mzaliwa wa Sericho. Naishi hapa Isiolo mjini na watoto wangu wawili. Siandiki ili nionewe huruma. Nimechoka tu kulibeba jambo hili kifuani...

Nilisomea upigaji chapa, nikapata kazi katika mradi wa kuchanja mifugo. Mume wangu, Adan, alikuwa huko huko. Yeye alisimamia magari na redio ya mawasiliano. Babu yake aliletwa huku na uaskari zamani, na jamaa zake wote ni watu wa malori. Nilimpenda. Sitasema uongo juu ya hilo.

Mwaka mmoja wafadhili watatu walituletea kompyuta tatu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake analeta ya aina gani. Moja ilikuwa ya kubaki Isiolo, moja ya kituo chetu cha Kinna na moja ya kile cha Merti. Kwa macho zilifanana, lakini kila moja ilikuwa na mfumo wake ndani. Diski iliyokubaliwa na hii ilitemwa na ile.

Sasa programu yetu ya kuandikisha mifugo ilitakiwa ikae kwenye zote tatu. Nairobi walitutumia programu nyingine, ambayo kazi yake ni kutengeneza diski za kuiweka hiyo ya mifugo. Unaieleza kila mashine: mfumo wake, skrini yake, diski zinaingia wapi, faili zilale wapi. Ukiieleza sawasawa, inakutolea diski ya kila mashine. Karani wa Merti ataiingiza, ataandika neno moja, na mambo yatajipanga yenyewe.

Ukiieleza sawasawa... Mtaalamu alinionyesha asubuhi moja tu, akapanda gari akarudi Nairobi.

Niliteseka. Nikirekebisha maelezo ya Merti, ya Kinna yanaharibika. Nikitengeneza ya Kinna, skrini ya Isiolo inajaa herufi zisizosomeka. Jenereta ikizimika naanza upya. Macho yaliniwasha, mgongo ukakataa kunyooka. Nani angeniuliza kama nimekula? Kila aliyepita aliuliza diski ziko wapi.

Wageni wa wafadhili walikuwa njiani. Mkubwa wetu alikuwa amemwahidi Adan cheo makao makuu kama mashine zingefika vituoni zikifanya kazi kabla ya wageni hao. Nililijua hilo, na nilitaka akipate. Si ni mume wangu?

Jumatatu mchana Adan alitoka chumba cha redio akaniletea chai ya maziwa ya ngamia. Hakuwa na desturi hiyo. Akasimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani.

"Malizia hii kazi, Halima," akasema kwa upole. "Usifikirie kitu kingine. Watoto nitawaangalia mimi."

Nilimshukuru. Wasomaji, nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

Jumatano diski zote tatu zilikubali. Watu wa ofisi walipiga makofi. Alhamisi asubuhi magari yetu yakaondoka na mashine, moja Kinna, jingine Merti.

Mchana huo nilikuwa sokoni nikinunua nyama nilipokutana na Boru, dereva wa lori la mbuzi anayetoka upande wa kwetu. Alivua kofia.

"Salaam aleikum, Halima. Pole kwa mama."

Nikamuuliza mama ana nini.

"Mama tumemzika jana," akasema. "Kwani redio hamkupata? Mdogo wako Guyo alituma Jumatatu kwamba amezidiwa, anakuita."

Sikumbuki niliiacha wapi ile nyama. Nilimkuta Adan ofisini. Nilimuuliza mara moja tu, na hakukana.

"Nilifikiri atapona," akasema, akitazama meza. "Nilisema ukimaliza, magari yakirudi, nikupeleke mwenyewe. Ungeenda siku ile, nani angemaliza diski?"

Nilitaka gari, na hata gari halikuwepo. Yote yalikuwa yamebeba zile kompyuta nilizozihangaikia. Ikabidi ningojee lori la Boru mpaka kesho yake, nikasafiri juu ya magunia, jua na mchanga vikinipiga njia nzima.

Sericho nilimkuta ndugu yangu mdogo, Guyo, kando ya kaburi. Hakuja kunilaki. Nilipomkaribia alisema neno ambalo sijalimaliza hadi leo.

"Dada, uliharibikiwa wapi? Adan alitujibu kwenye redio kwamba umeshatoka, uko njiani."

Nilikaa chini.

Mama alikuwa na akili zake hadi Jumanne jioni, Guyo akanieleza. Kila alipoambiwa ale, alisema atakula Halima akifika. Kila gari lilipolia aliuliza kama ni mimi. Wao wakamwambia barabara ni mbaya, avumilie kidogo. Akavumilia...

Hapo ndipo uchungu ulipoingia hasa. Kunificha mwito ni jambo moja. Lakini kumfanya mgonjwa angojee mtu ambaye hata hajaambiwa? Mtu anayelala nami anawezaje?

Wazee walikaa nasi Isiolo. Adan aliomba msamaha mbele yao, nikatamka kwamba nimesamehe. Ulimi ulitamka. Nyumbani tulipitana kama wapangaji. Cheo alikipata, akahamia Nairobi, akaniita nimfuate na watoto. Sikwenda. Mpaka leo sijadai talaka, na yeye hajatoa. Guyo hunijulia hali kwa heshima, kama mtu anayemjulia hali mgeni.

Kazi bado naifanya, maana watoto wanataka kula. Watu husema mimi ndiye fundi wa hizi mashine katika wilaya nzima. Naitikia, narudi nyumbani, nalala.

Ndugu msomaji, nakuomba. Habari ya ugonjwa ikipita mikononi mwako, usiipime wewe. Usiseme ngoja amalize kazi, ngoja afanye mtihani, ngoja wageni waondoke. Mfikishie mwenyewe saa ile ile. Na kule alikoitwa wape ukweli, hata kama ukweli ni kwamba haji, ili mgonjwa aage waliopo.

Akiiacha kazi, aiache. Akikaa, amekaa kwa hiari yake. Na kama ni kuchelewa, mwache achelewe mwenyewe njiani, akikimbia. Huko nako ni kuaga. Mimi sikupewa hata huko.