Panga Lililosikika Maskati

Mwanajuma anauza madafu Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo. Meza yake iko karibu na nguzo ya umeme, chini ya turubai la buluu. Watu wanaotoka Dar kukagua viwanja vyao husimama hapo. Hunywa dafu, hulalamikia vumbi, huenda zao.

Mumewe, Kibwana, yuko Maskati. Anaendesha gari la maji. Ameondoka siku nyingi, lakini ndala zake bado ziko mlangoni. Mwanajuma huzifuta vumbi kama vile zitavaliwa jioni.

Kila Ijumaa baada ya sala, Kibwana hupiga simu. Haanzi na habari za nyumbani. Husema, "Mama Lulu, nikatie dafu." Lulu ni binti yao, ameolewa Pangani. Basi Mwanajuma huiweka simu mezani, hushika panga la mumewe, hukata. Chwa, chwa, chwa. Kisha maji humiminika kwenye glasi, na kule Maskati mtu huvuta pumzi.

"Haya," Kibwana husema. "Nimekunywa."

Siku moja mpini wa panga lile ukapasuka. Masoud, mdogo wake Kibwana, akajitolea kutia mpya. Masoud ni fundi wa kila kitu, hasa kile asichokijua.

Kwetu pwani mpini hutiwa kwa moto. Mkia wa panga, yaani kile kipande chembamba kinachoingia ndani ya mti, hupashwa mpaka uwe mwekundu. Kisha husukumwa kwenye mpini, ukajichomea tundu lake wenyewe. Ni kazi nzuri ikifanywa na anayeijua. Masoud alijaza vifuu vya nazi jikoni, na moto wa vifuu mnaujua. Akalitia panga zima, mkia na bapa lake, akaenda kutazama mpira. Aliporudi, panga lilikuwa jekundu kuanzia mkiani hadi nchani.

Mpini ulikaa vizuri sana. Panga ndilo lililokufa. Kwenye dafu la kwanza lilipinda. Mwanajuma akalinyoosha kwa mguu. Kwenye dafu la pili likapindia upande wa pili, kama mtu asiyetaka kuulizwa maswali.

Ijumaa ilipofika, Mwanajuma alimwambia mumewe kwamba madafu yamekwisha. Ijumaa iliyofuata alisema mvua inanyesha. Siku hiyo jua lilikuwa linapasua mawe.

Masoud naye aliona haya. Alipanda gari mpaka Msata, akarudi na panga jipya. Lilikuwa zito, limepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, na lina picha ya simba kwenye bapa. Alimwambia shemeji yake kwamba panga hilo hata mnazi ukiliona utaangusha nazi wenyewe. Lakini simba yule hakung'ata kitu. Makumbi yalichanika badala ya kukatika, na nyuzi zikaingia kwenye maji. Mteja mmoja alichungulia glasi yake, akauliza kama hicho ni kinywaji au mswaki.

Simu ikaja. Safari hii Mwanajuma hakuwa na uongo mwingine. Akakata.

Kibwana akauliza, "Nini hicho? Mnapiga godoro?"

"Dafu, Baba Lulu."

"Panga langu liko wapi?"

"Lipo."

Na kweli lilikuwapo, nyuma ya mlango, limepinda kama upawa. Kibwana hakusema kuwa amekunywa. Aliaga tu. Mwanajuma akabaki ameishika simu iliyokwisha kukatika. Aliona kama amemnyang'anya mtu wa mbali kitu pekee cha nyumbani alichokuwa nacho.

Jirani yake ni Mzee Rehani. Alikata mkonge miaka mingi, kisha akawa fundi wa kunoa na kutengeneza mapanga. Ana maneno huyu mzee. Husema aliwahi kuwa na panga kali hata likakata kivuli chake, ikabidi atembee wiki nzima bila kivuli. Watu humcheka, kisha humpelekea mapanga yao.

Mwanajuma alimpelekea mapanga yote mawili, akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hayo mawili umeyabeba kama watoto wagonjwa. Yalaze hapa."

Alianza na la Kibwana. Alichukua tupa, akaipitisha kidogo kwenye makali. Tupa ilikula chuma kama inakula sabuni. Mzee akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba panga limekwisha kupikwa kiwandani kwa kipimo chake. Ukiliweka tena motoni ovyo, ugumu wote unatoka. Anayetia mpini hupasha mkia peke yake. Bapa hulifunga kitambaa kibichi, na kila kikianza kukauka hukimwagia maji.

"Halirudi?" Mwanajuma aliuliza.

Safari hii Mzee Rehani hakuwa na hadithi. "Kulirudisha kunataka tanuri na mhunzi hasa. Mimi sina tanuri. Nikikuambia naweza, nitakuwa nimekudanganya, na mimi hudanganya kwa kuchekesha tu."

Mwanajuma alitazama pembeni. Mzee akamwachia nafasi, akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake.

Kisha akalishika la simba. Alilining'iniza kwa vidole viwili, akaligonga bapa kwa ufunguo. Likatoa mlio mfupi wa kukwaruza. Mpini ulikuwa unacheza. Kumbe mkia wake ulikuwa umeishia katikati ya mti. Akaegemeza ncha kwenye ubao, akalisukuma polepole. Likapinda, likabaki vilevile.

"Hili ni bati lililovalishwa suti," alisema. "Mnunuzi akiona rangi na uzito anadhani amepata chuma."

Akaleta panga lake mwenyewe, la kizee, halina rangi hata kidogo. Akamtaka Mwanajuma apime kwa mkono wake. Kwanza atazame mkia, kama umefika mwisho wa mpini na misumari imeukaza. Alaze jicho kwenye mgongo wa panga, aone kama limenyooka. Agonge, asikilize. Mlio safi unaovuta unasema hakuna ufa wala mpini uliolegea. Lakini mlio peke yake hautoshi. Alipinde kidogo, taratibu, uso ukiwa mbali. Panga imara hupinda, kisha hurudi lilivyokuwa.

"Na tupa?" Mwanajuma aliuliza.

"Tupa iume kwa taabu. Ikizama, chuma ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, makali yatamegeka na hutaweza kulinoa. Wala usilipige jiwe ati unalijaribu. Wanaofanya hivyo, kipande huwarukia jichoni."

Mwanajuma aligonga tena panga la mzee. Mlio ulivuta, ukapungua, ukaisha. Akagonga tena. Alikuwa hajausikia mlio kama huo tangu siku ya moto.

Kesho yake alikwenda Bagamoyo mjini, kata ya Dunda, kwenye duka la vyuma la Badar. Alianza kuyagonga mapanga, moja baada ya jingine, kichwa amekiinamisha. Badar alimvumilia mwanzoni. Halafu akasema, "Mama, unanunua panga au unaposa?"

"Mume ninaye. Yuko mbali. Ndiyo maana nasikiliza."

Badar akamvutia kiti. Hata tupa alimpa, ajaribu mahali padogo karibu na mpini.

La bei kubwa kuliko yote lilirudisha mlio wa sufuria. Lililokuwa rahisi lilikuwa limepinda mgongoni. Lile alilochukua lilikuwa katikati, halina picha ya mnyama yeyote. Lilivuta mlio, likapinda, likarudi, na tupa ikaliuma kwa taabu.

Ijumaa simu ikalia. Masoud alikuwapo, amekaa kwenye ndoo, kimya kama mshtakiwa.

"Mama Lulu," Kibwana alisema, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kitu. "Nikatie dafu."

Chwa, chwa, chwa. Maji yakamiminika.

Kibwana akasema, "Hilo si langu."

"Si lako. Lako liliharibika motoni, nikaogopa kukuambia. Nimelitundika ukutani, juu ya ndala zako. Hili nimelichagua mwenyewe."

"Nani kakuonyesha?"

"Mzee Rehani. Lakini mlio niliujua mwenyewe. Nimeukosa kama wewe."

Gari lilipita barabarani. Mwanajuma aliinama karibu na simu, akidhani imekatika.

"Rudia," Kibwana alisema.

Akakata jingine. Hapakuwa na mteja, basi Masoud akapewa anywe.

"Rudia."

Masoud alifungua kishikizo cha suruali, tumbo limeshajaa. Alitaka kusema kitu, shemeji yake akamtazama, naye akainua glasi tena. Siku hizi watu wa Mapinga wakitaka panga humwomba Mwanajuma awasindikize dukani. Mpini ukipasuka, huuliza kwanza kitambaa kibichi kiko wapi. Masoud yeye, hadi leo, akisikia simu ikilia siku ya Ijumaa, hutoka kwa mlango wa nyuma.