Nilipiga Kura Kumkomoa Shoga Yangu, X Ikaja Mlangoni Kwangu

Nina umri wa miaka arobaini na mbili, mama wa watoto wawili, fundi wa kushona vitambaa vya makochi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa na kibanda changu Keko, kando ya barabara, katikati ya mafundi seremala. Wao wanagonga misumari, mie navalisha. Pale wananijua kwa jambo moja: sikati kitambaa kabla sijapima mara mbili, na sinunui hata kipande cha sponji kabla muuzaji hajaanza kujuta kunifahamu.

Nasema haya mapema, wasomaji wenzangu, ili mjue kwamba mie si mjinga. Maana ninayokwenda kuwasimulia ni ya mjinga hasa...

Zuhura alikuwa shoga yangu tangu utotoni Temeke. Siku moja alikuja kibandani kuagiza seti ya makochi, akasema ni ya ndugu yake anayeolewa. Nikamchagulia kitambaa mwenyewe, rangi ya damu ya mzee. Nikampigania bei kwa seremala mpaka seremala akavua kofia akajipepea. Nikashona wiki mbili, na punguzo juu. Chini ya kila mto nikaacha kifundo cha uzi wa njano, alama yangu ya kazi, kama ninavyofanyaga siku zote.

Miezi miwili baadaye mtu mmoja akaninong'oneza niende nyumba fulani, mitaa mitatu tu kutoka kibandani, nikaone alipo mume wangu anapodai kasafiri. Nikaenda. Msichana aliyekuwa akifua uani akaniambia nipite ndani, bibi harusi anamalizia kuoga. Nikakaa. Nikaingiza mkono chini ya mto, mazoea tu ya kazi... nikagusa kifundo cha uzi.

Sikuhitaji kusubiri atoke. Nilisubiri hata hivyo. Zuhura akatoka na khanga moja, na nyuma yake mume wangu ameshika taulo langu.

Nilimshonea shoga yangu makochi ya ndoa yake na mume wangu. Nani mwingine duniani amewahi kumpunguzia bei mwizi wake?

Nikadai talaka, nikapewa. Nililia siku nane. Siku ya tisa nikahesabu nilichobaki nacho: watoto wawili, cherehani mbili, kibanda kimoja. Nikahesabu tena. Ilikuwa vilevile. Nikaapa kwamba siku nitakayompata Zuhura kwenye kona, hatatoka mzima.

Kisha uchaguzi mkuu ukaja.

Kwenye ubunge mbio zilikuwa za watu wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, tukimwita Mama Mwalimu. Alikuja kwetu mafundi mara tatu, bila muziki, akakaa kwenye benchi lisilopigwa hata msasa. Wakati huo maneno yalikuwa mengi kwamba barabara itapanuliwa na vibanda vitaondolewa. Mama Mwalimu alikuja na futi kamba ndefu. Akaniomba nimshikie upande mmoja, tukapima kutoka katikati ya barabara hadi kibanda cha mwisho, akaandika kila kitu kwenye daftari.

"Siwezi kuwaambia barabara haitapanuliwa," alisema. "Nitakachopigania ni msiguswe kabla hamjaonyeshwa pa kwenda, tena pawe na umeme."

Moyo wangu ulitulia. Hatimaye nimeona mtu anayepima.

Wa pili tulimwita Bosi. Anakaa Msasani kwa wenye nazo, kwetu alikuja na lori la singeli na fulana. Nilimfuata nikamuuliza habari ya vibanda. Akanishika bega, akasema, "Hilo tutaliangalia, mama yangu." Katika kazi yangu, mteja anayesema tutaliangalia hakuja kununua.

Kwa hiyo kura yangu ilishajulikana. Mpaka asubuhi ile gari la matangazo la Mama Mwalimu liliposimama mbele ya kibanda changu... na aliyeshuka na kipaza sauti, kajifunga khanga yenye picha ya mgombea, ni Zuhura. Yeye ndiye mratibu wa kampeni mtaani kwetu.

Hapo hapo nikahama. Sikumwangalia tena Mama Mwalimu, wala daftari lake, wala futi kamba. Niliona khanga ya Zuhura tu. Nikajiambia, anayetakwa na huyu ashindwe, hata kama ni malaika.

Redioni wanasema watu huchagua kwa kusikiliza sera. Mie nilipita nyumba kwa nyumba, na nitawaambia nilichokuta. Mzee Shomari anamchagua anayekuja msibani. Mama Happy, mtu wa Moshi, aliuliza kwanza mgombea kabila gani. Vijana wa kinyozi walikuwa na yule mwenye spika kubwa. Dada wa saluni aliniambia, "Mie namtaka aliyetoka vizuri kwenye picha." Na mie fundi wa kupima, nilikuwa nachagua kwa ajili ya makochi.

Nikampa kila mmoja kipimo chake. Mzee Shomari nikamwambia Mama Mwalimu hakwenda hata kumzika mlinzi wake. Mama Happy nikamwambia alikuwa akiwafelisha watoto wa watu wa bara. Mafundi nikawaambia nimemsikia kwa masikio yangu akisema tunachafua jiji. Uongo, uongo, na uongo mwingine.

Fundi mmoja wa umri wa baba yangu, Mzee Kidevu, aliacha randa akaniuliza, "Mama Rama, si wewe uliyemshikia futi kamba?"

"Ndiyo, Mzee Kidevu. Kumbe alikuwa anapima pa kupitisha greda."

Akarudi kwenye randa yake. Aliniamini, kwa sababu tangu anijue sijawahi kumkosesha kipimo.

Asubuhi ya kupiga kura nikawahi foleni pale shule ya msingi, kichinjio mkononi. Ndivyo tunavyoiita kadi ya mpiga kura, na siku hiyo jina lilinikaa vizuri, nilikuwa nimekuja kuchinja. Zuhura alikuwa watu wanne nyuma yangu.

"Shoga," nikamwambia, kila mtu asikie, "leo nakukomoa. Mtu wako haendi popote."

Akacheka, yule mwanamke. "Wangu kivipi? Mie nalipwa ya siku, Mama Rama. Wewe unalipwa na nani?"

Watu wakaguna. Nilipaswa kusikia. Sikusikia.

Kwenye kile kibanda cha kupigia kura nikakunjua karatasi ya mbunge. Mama Mwalimu akaniangalia kwenye picha na miwani yake. Kalamu ilisita... nayajua mema na mabaya, nisiwadanganye. Nikaweka alama ya vema kwa Bosi, nikaikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Kesho yake matokeo yalikuwa yamebandikwa ukutani. Kituoni kwetu Bosi alishinda kwa kura kumi na tisa. Nikahesabu watu niliowageuza mwenyewe: ishirini na sita. Nikahesabu tena, ishirini na sita. Jimbo zima pia akalichukua. Nilinunua soda za mafundi wote, nikatembea taratibu mbele ya nyumba ya Zuhura, mara mbili, kwenda na kurudi.

Wiki haikuisha. Kwenye sherehe za mbunge mpya, aliyekuwa mbele akikata mauno, khanga mpya yenye picha ya Bosi kiunoni, ni nani? Baada ya mwezi nikasikia Zuhura kapata kazi kwenye ofisi ya mheshimiwa.

Na siku ile ikafika. Watu wa kubomoa vibanda walikuja saa nne asubuhi na ndoo ya rangi nyekundu, wakianzia kibanda cha kwanza. Zuhura hakushika brashi, alishika orodha. Walipofika kwangu akaniuliza kana kwamba hanijui, "Jina la fundi?"

"Unalijua."

Akaandika. Kijana wa brashi akachora X kubwa ya kubomolewa mlangoni, rangi ikachuruzika hadi kizingiti. Nikamuuliza Zuhura tunaonyeshwa wapi pa kwenda.

"Siku saba, shoga," akasema, polepole, kama anayebembeleza mtoto. "Na usininunie. Mbunge huyu umemchagua wewe. Mie nilikuwa upande wa pili, umesahau?"

Niliweka vema, nikarudishiwa X.

Siku ya nane greda likapita. Vibanda thelathini na saba, nilivihesabu vikianguka, na mara ya pili nilihesabu mabati chini. Mzee Kidevu alikaa juu ya benchi lake barabarani, randa mapajani.

Kesho yake akaja Mama Mwalimu, peke yake, na lile daftari. Alikuwa ametoa nakala ya vipimo vyote ili mafundi wapeleke malalamiko yao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Si wewe uliyenishikia futi kamba?"

"Ndiye mie."

Akanipa nakala yangu, akanipigapiga mgongoni. Sikumwambia. Na Mzee Kidevu hadi leo sijamwambia, amerudi kwao Rufiji na bado anadhani Mama Mwalimu ndiye aliyeleta greda. Ninyi ndio wa kwanza kusikia.

Sasa nashonea barazani, chumba cha kupanga Mbagala ndanindani, ambako mteja haoni kochi mpaka apotee njia.

Wasomaji wenzangu, mkitaka kumkomoa mtu, mkomoeni. Mnyimeni salamu, mnyimeni chumvi, msiende kwenye ngoma yake. Lakini msiende kumkomoa kwa kura. Yeye atageuza khanga, nyie mtabaki na mbunge. Mtazameni mgombea mwenyewe, si aliyeshika kipaza sauti chake. Na anayewaletea maneno kumhusu, muulizeni kwanza kaibiwa nini, na nani.

Mie kichinjio changu ninacho, nimekifunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na ile nakala ya vipimo. Safari ijayo napima mara mbili.

Ila msidhani nimemsamehe Zuhura. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe: makochi yamebonyea katikati, na mkono wangu hakuna anayeuweza, nimfikirie kama shoga yangu, nimpunguzie bei nikamtengenezee.

Nimemjibu: hilo tutaliangalia.