Saa ya Watoto Kulala

Maduka ya spika pale Mirongo yalikuwa yananguruma kama kawaida yake. Kila duka na muziki wake, na kila muuzaji akiamini wake ndio unaoita wateja. Modesta aliingia la tatu akiwa ameziba sikio moja, gauni la kitenge cha bluu limemkaa sawasawa, uso umekunjamana kwa hasira ya wiki tatu.

"Kaka, mna kitu cha kuzuia kelele?" aliuliza kwa kupaza sauti.

Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri akapunguza muziki.

"Dada yangu, mimi nauza kelele. Vya kuzuia sijawahi kuletewa."

Wateja wakacheka. Modesta alitaka kununa, akajikuta anacheka na yeye.

"Basi niuzie nyingi nikawarushie majirani. Watoto wangu hawalali."

"Pole, mrembo. Unao wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Kijana akashika kichwa. "Wote wako?"

Ikabidi Modesta amweleze. Alikuwa na kituo cha kulelea watoto wachanga kule Igoma. Akina mama wa sokoni waliwaacha asubuhi na kuwachukua jioni. Kushoto palikuwa na mashine ya kusaga ya mzee Shimba, kulia baa inayofungulia muziki kabla haijafungua hata soda moja. Hayo watoto walishayazoea. Kilichomshinda ni kanisa la nyuma ya ukuta, lililoanzisha maombi ya kila siku, saa saba hadi saa tisa mchana, kwa spika nne zilizofungwa juu ya paa. Na hiyo ndiyo saa ya watoto kulala. Wengine watatu walishahamishwa na mama zao. Wakibaki chini ya wanane, kodi haitalipika na kituo kinafungwa.

Kijana, jina lake Masalu, akaacha kucheka. Alisema yeye si muuzaji tu, ni fundi pia, na atafikiria njia. Akaomba namba ya simu.

Njia haikupatikana upesi, lakini simu hazikukatika.

"Mama wa watoto kumi na mmoja, umekula?"

"Nimekula, baba wa spika mia. Wewe je?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Utakonda, shauri yako!"

Baada ya miezi miwili walikuwa wapenzi, na Modesta hakumficha mtu. Jumapili moja walikaa juu ya mawe kando ya ziwa, sato wa kuchoma katikati yao, upepo ukimchezea Modesta kitambaa cha kichwani. Masalu alimfuta pilipili mdomoni kwa kidole, akauliza kanisa lenyewe ni lipi.

"Lile la paa jekundu, linapakana na mashine ya Shimba. Aliyezifunga zile spika Mungu amsamehe, maana mimi nimeshindwa."

Masalu akamrudisha samaki kwenye sahani. Alisema tumbo limekataa, akaomba warudi mapema.

Alhamisi iliyofuata, kabla ya maombi kuanza, Modesta alikuwa anaanika nepi uani. Akainua macho. Juu ya paa jekundu alisimama mtu mwenye ovaroli, spana mkononi, ameikumbatia spika kubwa. Alikuwa Masalu. Modesta akaidondosha nepi chini, akachukua simu.

"Ni wewe uliyezifunga?"

"Modesta, mpenzi, nisikilize..."

"Ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi. Mwaka jana. Lakini leo sikupanda ili..."

"Leo unaongeza nyingine! Nimekula samaki na wewe, Masalu! Ulinitazama nikilalamika, ukanyamaza!"

Akakata. Akaifungia namba yake, akaingia stoo na kulia kimyakimya, na jioni ile ile alikuwa ameshamkumbuka, jambo lililomuudhi zaidi.

Wiki hiyo mama wengine wawili walihamisha watoto. Wakabaki tisa. Modesta akaandika barua ya malalamiko, akapita nyumba kwa nyumba, na watu kumi na wanane wakatia saini. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao Jumatatu, saa tano asubuhi.

Modesta akawaacha watoto na jirani, akaenda. Ofisi ilijaa. Lakini mwenyekiti alipouliza nani ana la kusema, wale kumi na wanane wakaanza kutazama viatu vyao. Kutia saini ni rahisi. Kusimama mbele ya mchungaji na kuonekana unampinga Mungu ni jambo jingine, na mtaani jina hilo likikushika halikutoki. Hata Selina, muuza nyanya ambaye mwanawe alikuwa akilelewa kwa Modesta, alijifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

Modesta akasimama peke yake.

"Sipingi maombi. Naomba watoto walale."

Mchungaji Pius hakuwa mtu mbaya. Akamjibu kwa upole, "Sasa binti yangu, unataka tumwombe Mungu kwa kunong'ona?"

Watu wakacheka. Modesta aliona kituo chake kinamponyoka mbele ya macho yake.

"Shikamoo, mchungaji." Sauti ilitoka mlangoni. Masalu alikuwa pale, na ovaroli yake.

"Marahaba, fundi."

"Zile spika nilifunga mimi, nikazielekeza mtaani kama mlivyoniagiza. Alhamisi nilipanda kuzigeuza, mzee wa kanisa akanishusha. Modesta alinikuta juu, akadhani naongeza." Alikuwa akiongea na mchungaji, macho yakimtazama Modesta. "Sikumwambia ukweli mapema. Niliogopa kumpoteza, na nikampoteza vilevile."

"Fundi, hapa ni kikao," mwenyekiti akamkumbusha, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

"Samahani, mwenyekiti. Mchungaji, saa saba inakaribia. Twende ukayasikilize maombi ukiwa upande wa pili wa ukuta."

Kikao kizima kikahamia kituoni. Mchungaji alikalishwa kwenye kigoda katikati ya magodoro madogo, na Selina, aliyejawa aibu kwa ukimya wake, akampakatisha mwanawe.

Saa saba kamili paa likapasuka kwa sauti. Vikombe vikatetemeka rafuni. Mtoto wa Selina akaruka mikononi mwa mchungaji na kulia hadi macho yakawa mekundu, na wale wanane wakamfuata. Mchungaji alifumbua mdomo kusema neno; hakuna aliyemsikia. Akampigia simu msaidizi wake kule kanisani. Naye hakuisikia simu. Mwishowe akamtazama Masalu, akanyoosha kidole paani na kupitisha kiganja hewani: kata!

Masalu akaruka ukuta. Ghafla pakawa kimya, maana mashine na baa navyo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya kikao, kimya ambacho Modesta hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba ile wakati wa mchana. Mtoto akalegea kifuani mwa mchungaji, akasinzia, na wenzake wakalala mmoja mmoja.

"Kumbe ndivyo tunavyosikika huku," mchungaji alisema polepole. "Nisamehe, binti yangu. Kuanzia leo spika zikae ndani, ziwatazame waumini."

Mzee Shimba naye akakohoa, akasema mashine yake itapumzika kila siku saa saba hadi saa tisa. Mwenye baa akaona aibu kubaki peke yake, akakubali.

Modesta alitoka uani kifua kimejaa furaha. Ameshinda! Masalu alikuwa anashuka ukutani, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Ungeniambia," Modesta alisema, machozi yakimtoka.

"Nilikosa, mpenzi. Sitakuficha kitu tena." Masalu akanong'ona, "Niwatume lini wazee wangu kwa baba yako kule Kisesa?"

"Mbona unanong'ona?"

"Watoto wamelala."

Modesta akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Jumamosi. Na wasichelewe."

Selina alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Akapiga kigelegele kikali, akina mama wakakipokea, mzee Shimba akapiga makofi, na watoto wote tisa wakaamka kwa mpigo mmoja wakilia. Modesta alicheka hadi akashika mbavu. Akaingia ndani, akamchukua yule aliyelia kuliko wote, akampa Masalu.

"Mbembeleze," alisema. "Na wewe Selina, piga tena!"