Asiguswe na wa Kike

Mwanamvua alimpa mumewe kikombe cha chai, vidole vikagusana, akapigwa shoti iliyomrusha hadi mlangoni. Harufu ya udi ikajaa sebuleni, na chetezo hakijawashwa tangu Idi.

"Labda nimekuja na umeme wa kazini," Seifu akacheka.

Umeme wa kazini! Mwanamvua alijua alichokifanya yeye mwenyewe.

Seifu ni fundi wa mashine za kutotolea vifaranga pale Mkuza, na sifa yake ni kwamba chipu inayoiongoza mashine haing'oi kwenye bodi. Anaibana nyaya ikiwa palepale, anafuta maagizo mabovu kwa kompyuta, anaandika mapya, kisha anayafunga yasichezewe. Saida, mteja wa Kisarawe, akawa haishi kuja kutazama, tena ameegemea bega la fundi. Mwanamvua na tumbo lake la ujauzito, wivu ukamla! Akaenda Kisarawe hukohuko, kwa mganga Shabani, akaomba mumewe awekewe jini la kumlinda. "Wa kike yeyote asimguse!" Kwa hasira, hata yeye mwenyewe hakujitoa katika amri hiyo. Na jini haliulizi ulikusudia nini.

Basi kila alipomsogelea Seifu kitandani, udi ulimkaba koo, na pumzi ya baridi isiyo ya mumewe ikampanda shingoni, ikimnusa taratibu kama anayemkagua mwizi, hadi alipojikunyata ukutani na kusikia sauti ikimwambia, "Si wako."

Akarudi kwa Shabani mbio.

"Litoe, babu! Nina mume, sina mume!"

"Nikilitoa litaondoka na roho yake," mganga akanong'ona. "Nitaligeuzia amri likiwa humohumo, kama mumeo na chipu zake. Ila nikishafunga, sifungui tena. Sema vizuri."

Hapo mwenye akili angetulia. Lakini mwenye wivu anamwona mmoja tu, Saida.

"Wa kike yeyote asimguse, ila mimi peke yangu!"

Shabani akalitazama lile tumbo. "Peke yako?"

"Peke yangu, babu! Funga!"

Jioni Seifu alimkumbatia, mke akalia kwa furaha. Saida alipigwa shoti moja tu, hakuonekana tena Mkuza, na Mwanamvua akapiga kigelegele jikoni.

Haukupita muda akajifungua salama. Seifu akaingia wodini anatabasamu, mikono ameinyoosha.

"Baba, pokea binti yako," nesi akasema.

Udi ukanuka.

"Usimguse!" Mwanamvua akapiga yowe, akimpokonya nesi mtoto. "Seifu, nakuomba, usimguse mwanao maisha yako yote!"