Kompyuta Ashika Kalamu

Saa ya chakula cha mchana mkahawa ulifurika. Kwenye meza ya watu wanane, msichana mmoja, kitambulisho cha maabara kikining'inia juu ya gauni lake la kijani, alimkodolea macho mhudumu aliyepokea oda zote bila kalamu.

"Kaka, huandiki?"

"Kichwa nimepewa cha nini, dada?"

"Ukiniletea supu ya mwenzangu, silipi."

Hakukosea hata kijiko. Wateja walimwita Kompyuta, na jina alilistahili. Haukupita mwezi, wawili hao wakawa wanapigiana simu mpaka chaji inakatika.

Kisha mguu wa Kompyuta ukaanza kufa ganzi, jicho moja likaona ukungu. Madaktari wakasema ni ugonjwa unaochubua utando wa neva, ndio kwanza unaanza. Wakampima damu, kuitafuta protini inayovuja neva zikiumia. Msichana aliijua vizuri. Kuipima ndiyo kazi iliyomlisha.

"Yangu iko juu, mpenzi," Kompyuta alimwambia kwenye simu. "Eti huenda kumbukumbu ikapungua mapema."

"Huenda, siyo lazima. Kipimo si hukumu."

Maneno mazuri, ila mwenyewe hakuyaamini. Akaanza kumtega. Jumamosi nilivaa nini? Yule rafiki yangu anaitwaje? Hebu taja miezi kuanzia wa mwisho, tucheze. Kompyuta alicheza mpaka akachoka.

"Unanipima?"

"Nakutania tu, laazizi."

"Kliniki wananiuliza hayo hayo! Nilitafuta mchumba, nimepata msimamizi wa mtihani."

Akakata simu, na hakuipokea tena.

Msichana alikonda. Alimpenda, na kosa lilikuwa lake, alilijua. Mwishowe alivaa lile gauni la kijani, akaenda mkahawani, akakaa. Kompyuta akaja, kijitabu mkononi, kalamu sikioni. Msichana akaikazia macho ile kalamu.

"Siku hizi unaandika?"

"Za wengine. Yako ni chai bila maziwa, sukari kando."

"Nisamehe. Niliogopa, nikakufanya sampuli."

"Hata mimi naogopa."

"Nina swali moja tu. Hili si la kupima."

"Haya, uliza."

"Utanioa?"

Meza ya jirani iliacha kutafuna. Kompyuta aliandika, akachana karatasi, akamkabidhi. Ilikuwa na neno moja: Ndiyo.

"Itunze wewe," alisema. "Siku nikisahau, unidai."